Spika Mbili za Sebule ya Testa

Fundi umeme mmoja, ambaye watu walimwita Testa kwa sababu bisibisi ya kupimia umeme haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya mapumziko, hakuwa na mke. Hakuwa na gari, wala kitambi, wala subira. Hakuwa na kaka wa kumtania, wala shati la kutokea lenye vifungo vyote. Na katika sebule yake, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka minne na kuipaka rangi ya maziwa, hakuwa na muziki. Alikuwa na simu tu. Simu hiyo aliitia ndani ya bilauri ili sauti ikue kidogo, nayo ikatoka kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Jambo hili lilimuuma, kwa sababu kazi yake ilimwingiza katika nyumba za wenye nazo. Huko alipitisha nyaya, akawasha, akapima, na wenye nyumba kwa furaha wakafungulia muziki mzito uliomgonga kifuani. Kisha alirudi kwake, kwa mama yake mzazi aliyeishi naye, na kwa nyuki wao.

Jumamosi moja mchana alikwenda kununua soketi katika mtaa wa vifaa vya umeme. Mtaa ulikuwa umefurika watu. Kila duka lilitoa spika zake mlangoni na kushindana na jirani kwa makelele, kila moja na wimbo wake, mpaka mtu akashindwa kusikia mawazo yake mwenyewe. Katikati ya fujo hiyo Testa alihisi kitu kikimgusa mbavuni, taratibu, kama mgeni anayebisha kwa adabu. Aligeuka huku na huku. Akafuata mguso ule mpaka ndani ya duka kubwa, akapita majokofu, akapita runinga, akasukuma mlango mzito uliofunikwa zulia.

Ndani kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, viti viwili, na spika za kusimama sakafuni, ndefu kufika kiunoni, zimepangwa kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Dada mmoja mwenye gauni la njano na raba nyeupe, penseli imechomekwa kwenye nywele, alikuwa ameinama akiigonga spika moja ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Unabisha hodi?" Testa aliuliza. "Kuna mtu ndani?"

"Ndiyo ninamuuliza kama yupo," dada alijibu bila kugeuka. "Njoo ugonge na wewe. Hii. Haya, na hii."

Testa aligonga. Ya kwanza ilijibu *dum*, kavu na fupi, kama mlango wa mninga. Ya pili ilijibu kwa kurefusha, kama debe.

"Ipi ina njaa?" dada aliuliza.

"Hii ya pili. Tumbo tupu."

"Basi usiinunue. Spika yenye njaa hula muziki wako." Alisimama, akamtazama toka viatuni mpaka kwenye bisibisi. "Umekuja kununua au umekuja kupata kivuli?"

"Nimekuja kununua soketi."

"Soketi ziko mbele huko."

"Najua," alisema Testa, akakaa kitini.

Wafanyakazi wenzake walimwita dada huyu Sikio. Ilisemwa kwamba akiwa ng'ambo ya barabara angeweza kukuambia ni spika gani inapigwa ndani, na kama imesogezwa tangu jana. Alikuwa na utaratibu wake wa kuuza ambao hakuna duka jingine mtaani lililoufuata: mteja hakuruhusiwa kuziona spika kabla ya kuzisikia. Alivuta pazia jeusi, akakaa nyuma yake, akabadilisha moja baada ya nyingine.

"Macho ni mnunuzi mbaya," alimweleza. "Yakishapenda, masikio hulazimishwa kukubali. Unataka za nini?"

"Muziki. Wa nguvu. Unigonge hapa." Alijipiga kifuani. "Na sinema, kwa ajili ya mama. Mama anapenda sinema za kupigana, lakini analalamika kwamba makofi anayasikia, maneno hayasikii."

"Sebule ina ukubwa gani?"

"Ya kutosha."

Sikio alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Fundi mzima unaniambia *ya kutosha*! Ungemfungia mtu umeme wa kutosha?" Akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi. "Nenda ukapime. Halafu wiki ijayo njoo na wimbo unaoujua kama unavyojua hatua za mama yako."

Jioni ile ile, kabla hata ya kuvua viatu, Testa alipiga simu.

"Hatua saba kwa tano," alisema.

"Hatua zako au zangu?"

"Zako sizijui."

"Ndiyo maana kuna futi, Fundi."

"Nikitumia futi nitakuwa nimemaliza maswali. Nikipima kwa hatua itabidi uje uhakikishe."

"Sakafu ya vigae au ya saruji?" Sikio aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imelainika.

Kwa wiki tatu Testa alikuwa mwanafunzi. Jumamosi ya kwanza alikwenda na wimbo wa dansi wa zamani, wenye magitaa matatu na ngoma moja mvivu. Sikio aliupiga nyuma ya pazia katika spika tatu, na Testa akachagua ya pili. Pazia lilipofunguliwa alishtuka. Zile ndefu nyeusi zenye taa za kumetameta, ambazo macho yake yalikuwa yamezitamani tangu siku ya kwanza, ndizo zilizokuwa zimempigia kelele hadi akakunja uso. Aliyoichagua ilikuwa ya kahawia, haina taa, ina umbo la kabati la vyombo.

"Uso ukijikunja, spika imeshindwa," alisema Sikio. "Hapo haiimbi tena, inaomba msaada."

"Lakini hii mbona ina nguvu hivi? Amplifaya ni ile ile."

"Umeuliza vizuri." Testa aliona jinsi macho yake yalivyong'aa, maana alikuwa mtu wa kufurahia swali kuliko sifa. "Kuna spika mvivu na spika msikivu. Ukizilisha nguvu sawasawa, mvivu ananong'ona na msikivu anaimba. Tazama namba hii nyuma, ya usikivu wake. Hii ni tisini na mbili, ile ndefu ni themanini na sita. Ukitaka ile ifike ilipo hii, amplifaya yako itabidi itoe nguvu mara nne."

"Mara nne?"

"Mara nne. Wateja wanatazama wati tu, na hii namba hawaiulizi."

"Na mimi nimeuliza."

"Wewe unauliza mpaka basi. Jana umenipigia kuuliza kama pazia la dirishani linakunywa sauti."

"Linakunywa?"

"Linakunywa, mpenzi. Zito linakunywa zaidi." Neno lile lilimtoka lenyewe. Wote wawili wakajifanya wanaangalia namba.

Jumamosi iliyofuata Testa alitaka kununua na spika ya tatu, ya kuwekwa chini ya runinga kwa ajili ya maneno ya mama. Sikio alimkatalia. "Chumba chenu si kikubwa. Hizi mbili zikikaa sawa, maneno yatasimama yenyewe katikati, mahali pasipo na kitu. Usinunue bure." Na siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, alimwonyesha daftari lake. Alikuwa amechora chumba cha kusikilizia: kuta zisizotazamana sambamba, viti sita, pazia la kuvutwa kwa kamba. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Tajiri, alikuwa anafungua tawi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mwisho wa mwezi angemchagua mtu wa kulisimamia.

"Atakuchagua wewe," alisema Testa.

"Akinichagua nitakwenda," alisema Sikio, akamtazama kuona atasemaje.

Testa alisema chumba kimechorwa vizuri, lakini soketi ni chache.

Hatimaye akanunua zile za kahawia, pamoja na amplifaya yake. Sikio alitaka kumpa fundi wa duka akamfungie, Testa akavimba kama mkate. "Mimi? Mimi niliyefunga umeme nyumba za ghorofa nne, unipe fundi wa kunifungia nyaya mbili?" Akazipakia spika kwenye pikapu ya kukodi, akakaa nyuma pamoja nazo njia nzima, amezikumbatia.

Nyumbani alizisimamisha pale alipoelekezwa, mbali kidogo na ukuta. Waya alikuwa nao, waya mweupe wa taa, wenye nyuzi mbili zilizofanana kama pacha. Akafunga, akakaza, akapiga makofi kumwita mama akae kitini. Akawasha.

Wimbo ulitoka, lakini mwembamba. Ngoma mvivu haikuwepo kabisa. Sauti ya mwimbaji ilizunguka chumbani kama mtu aliyepotea njia, haijulikani inatokea wapi. Testa aliongeza, ikawa makelele matupu. Akaweka sinema ya mama. Maneno yalikuwa kama yanatoka nyumba ya jirani.

"Mwanangu," mama alisema kwa upole, "bilauri umeiweka wapi?"

Usiku ule Testa hakulala vizuri. Spika hazikumtesa sana kama yale mengine. Alijiuliza kama zile zilizompigia nyuma ya pazia ndizo alizopewa. Alijiuliza pazia ni la nini, hasa. Kisha akajiuliza, na hapo ndipo palipochoma, kama neno lile *mpenzi* huambiwa kila mteja anayekaribia kununua.

Jumamosi saa sita mchana duka lilikuwa limejaa. Tajiri mwenyewe alikuwepo, amevaa suti ya kijivu, amekuja kukagua. Testa aliingia bila salamu.

"Umeniuzia majeneza," alimwambia Sikio mbele ya watu. "Ulinipigia nyingine, ukanipa nyingine. Na utamu wako wote ulikuwa wa kuuzia!"

Wateja waliacha walichokuwa wanashika. Sikio alikuwa na blauzi nyeupe siku ile, na shingo yake ilibadilika rangi juu ya kola. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Ulifunga mwenyewe?"

"Usinifundishe waya!"

Tajiri ndiye aliyesogea. Alikuwa mtu asiyeamini neno la mdomo, aliamini karatasi. Akampa Testa fomu ya malalamiko, naye Testa akaandika yote: kwamba amebadilishiwa spika, kwamba muuzaji si mwaminifu. Akatia saini kubwa.

Jumapili alasiri mlango uligongwa. Alikuwa Sikio, mkoba begani, uso mkavu kama risiti.

"Nimetumwa kukagua mali ya duka," alisema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kwenye simu?"

"Nilikuwa."

Testa alimwonyesha sebule kwa kidole. Sikio hakuwasha kitu. Aliangalia namba za utambulisho nyuma ya spika, akamsomea Testa kwa sauti pamoja na namba zilizoandikwa kwenye risiti yake. Zilikuwa zile zile. Kisha alivua vitambaa vya mbele, diski nyeusi za spika zikabaki wazi. Akachomoa nyaya kwenye amplifaya, huku akiuliza kila uzi: "Huu ulikuwa tundu jekundu? Na huu?" Akatoa mkobani betri ndogo ya saa ya ukutani.

"Wewe si fundi? Tazama."

Akagusisha betri kwenye ncha za waya wa spika ya kulia. *Tup.* Diski iliruka mbele, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Akaenda kwenye waya wa spika ya kushoto, akagusisha vile vile. *Tup.* Diski ilizama ndani.

Testa alichuchumaa. "Rudia."

Akarudia. Ya kulia ikatoka, ya kushoto ikaingia.

"Hii inasukuma hewa wakati ile inavuta," alisema Sikio. "Moja ikileta besi, mwenzake anaifuta. Umegeuza waya upande mmoja."

"Lakini waya wa taa..." Testa alianza, akaiangalia balbu ya dari. Miaka kumi na nane alikuwa akifunga taa. Taa haijali uzi upi umekwenda wapi, inawaka tu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu duniani kinachojali.

Sikio aligeuza nyuzi mbili, akakaza, akawasha sinema ya mama. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Mlango uligongwa ndani ya sinema na mama akageuka kutazama mlango wake. Jambazi akazungumza, na sauti yake ikasimama katikati kabisa, pale kwenye runinga, ingawa runinga yenyewe ilikuwa imenyamazishwa.

"Haa!" mama alipiga kelele. "Kumbe huyu anaomba msamaha! Siku zote nilidhani anatukana!"

Testa hakuweza kucheka. Alimfuata Sikio mpaka barazani.

"Nimekukosea," alisema. "Tena mbele za watu."

"Ulinikosea hapa," Sikio alisema, akijigusa kifuani, mahali pale pale Testa alipojigonga siku ya kwanza. "Spika ungeziita majeneza, ningekusamehe kabla hujamaliza. Lakini kusema utamu wangu ni wa kuuzia! Unadhani ninamwambia kila mtu pazia linakunywa sauti saa tatu usiku, nguo zangu ziko kwenye maji?"

"Sikudhani. Niliogopa. Mtu akiogopa husema lolote."

Sikio alifunga mkoba wake. "Mimi nitasema waya ulilegea. Yaishe."

"Kwa nini usiseme kweli?"

"Nikisema fundi umeme amegeuza waya, nani atakuita tena nyumbani kwake? Kaa kimya, Testa. Kazini niko salama. Niko chumbani kwangu na spika zangu kama kawaida."

Siku tatu walipigiana simu asubuhi na jioni, na mapenzi yakarudi, matamu kuliko mwanzo. Testa alijiambia kwamba mambo yamekwisha. Tena, wazo jingine lilikuwa likimnong'oneza: fomu ile ikibaki ilivyo, Sikio hatapewa tawi. Hatapanda basi. Atabaki hapa. Kimya tu kingetosha, na kimya chenyewe ni yeye aliyekiomba!

Jumatano alikwenda dukani kumshtukiza. Alisukuma mlango wa zulia, akamkuta kijana wa kiume asiyemjua akimwonyesha mteja zile ndefu za kumetameta. Pazia jeusi lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Alimtafuta Sikio duka zima, akampata karibu na mlango wa nje, nyuma ya meza ndogo. Alikuwa akiuza chaja za simu. Kelele za mtaa mzima zilimwangukia pale alipokaa. Alikuwa amejiziba masikio kwa pamba.

Sikio hakumwona. Testa alirudi nyuma, akatoka kwa mlango wa mizigo.

Alikwenda nyumbani moja kwa moja. Akazima muziki, akafuta meza. Kuandika si kazi yake, na karatasi nne aliziharibu. Ya tano aliikamilisha alasiri, akaibeba mkononi ili isikunjike, akaenda nayo mpaka kwenye meza ya chaja.

Sikio alitoa pamba moja. Walitazamana.

"Kwa hiyo umeona," alisema.

"Nimeona. Soma."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Barua ilikuwa kwa Tajiri, kwenye ofisi yake ya makao makuu. Ilisema kwamba aliyeandika fomu ya malalamiko ni fundi umeme kwa miaka kumi na nane, na kwamba alifunga spika kwa waya wa taa, upande mmoja akaugeuza, kwa kiburi cha kukataa fundi wa duka. Spika ni zile zile alizozisikia, namba zinalingana, na muuzaji aliyeitwa si mwaminifu alimkataza hata kununua spika asiyoihitaji. Na mtu wa namna hiyo, ilimaliza, ndiye anayefaa kukabidhiwa chumba.

"Hapa umejiita *fundi asiyejua*," Sikio alisema. "Futa."

"Sifuti."

"Tajiri anajuana na wajenzi wote wa mji huu. Watakucheka."

"Wacheke. Nami nitawauliza kama wao walijua."

Aliikunja barua, akaikunjua. "Testa, hii ikifika nitapewa tawi. Nitaondoka."

"Ndiyo maana imenichukua siku tatu kuianza. Ingekuwa ya kukubakisha ningeiandika kwa dakika tatu."

Sikio aliangalia pembeni, kwenye rundo la chaja. Mteja alikuja, akauliza bei, akajibiwa, akaenda.

"Na wewe?" aliuliza hatimaye. "Utakaa na spika zako?"

"Spika ni za mama sasa, mimi hanipi nafasi. Nimefikiri hivi: chumba ulichochora soketi zake ni chache. Wanahitaji fundi."

"Wanahitaji fundi anayejua nyekundu na nyeusi."

"Amefundishwa kwa betri ya saa. Na mwenye chumba, je, atahitaji mume?"

Sikio alicheka, kisha macho yakajaa, kisha akacheka tena. "Swali hilo si la kwenye meza ya chaja. Njoo uniulize kule, kabla hatujaweka zulia wala pazia. Uliza katikati ya chumba kikiwa kitupu. Nataka nisikie linavyorudi kutoka kwenye kuta."

"Na jibu?"

"Wewe si unapenda kuuliza? Basi na mimi acha nikae na jibu kidogo."

Testa akatoa bahasha mfukoni, akaweka barua ndani. Aliilamba ukingo, akaibana kwa kiganja juu ya meza, akahesabu mpaka ishirini, kama anavyofanya fundi anayegundisha kitu kisichotakiwa kuachia. Sikio aliandika anwani kwa penseli, maana mwandiko wake ulisomeka, kisha akapita juu ya herufi kwa kalamu.

Posta ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Testa alibandika stempu, akasimama mbele ya sanduku, barua imeingia nusu. Kisha akaiachia, akainamisha kichwa, akasikia ikianguka juu ya nyingine.